Hideyoshi: mutoto wa mulimaji aliyejenga ngome ya Osaka na kufunga mulango nyuma yake

Mu muji wa Osaka, katika inchi ya Japani, kuko ngome moja ambayo watu wanatoka pembe zote za dunia kuitazama. Munara wake ni mweupe, paa ni ya rangi ya majani, mapambo ni ya zahabu, na chini yake kuko kuta za mawe makubwa sana. Ukiuliza ni ngome ya nani, wenyeji watakujibia: ya Toyotomi Hideyoshi. Lakini zile kuta si yeye aliyezijenga. Mawe yake yeye iko chini ya udongo. Walioshinda mutoto wake waliyafunika makusudi, kisha wakajenga yao juu.

Sisi wa Katanga, Wajapani tuliwajua zaidi juu ya shaba. Miaka ya 1970 kompani yao ilikuwa inachimba kule Musoshi, na wazee wetu walifanya nayo kazi. Lakini historia yao ya zamani hatuijue sana. Leo tuongee juu ya huyu Hideyoshi, juu alitoka chini kabisa, chini kuliko wengi wetu, na akafika kuongoza inchi nzima. Kisha, alipofika juu, aliwatendea nini wale aliowaacha chini? Hiyo njo ulizo la leo.

MUTOTO ASIYE NA JINA LA UKOO

Hideyoshi alizaliwa karibu mwaka 1537 mu kijiji cha Nakamura, jimbo la Owari, mahali ambapo leo ni ndani ya muji mukubwa wa Nagoya. Baba yake alikuwa mulimaji. Vita ikifika, alikuwa anabeba mukuki wa bwana wa jimbo, na vita ikiisha anarudia ku shamba. Alikufa mapema, mutoto akiwa angali mudogo, na mama akaolewa tena. Watu wa namna yao hawakuwa na jina la ukoo la kuonyesha mbele ya wakubwa.

Ile wakati Japani ilikuwa na miaka mingi ya vita. Mufalme alikuwa anaikaa Kyoto na jina lake tu, nguvu hana. Kila bwana wa jimbo alikuwa na askari wake, ngome yake, kodi yake. Ilikuwa wakati mubaya kwa watu wadogo, vijiji vilikuwa vinachomwa na mupunga unanyanganywa. Lakini kulikuwa kitu kimoja: mulango haukufungwa kabisa. Mulimaji aliweza kukamata mukuki akawa askari. Askari mwenye akili aliweza kuwa mukubwa.

Hideyoshi alipita mu ule mulango. Akiwa kijana alitoka kwao, akatumikia bwana mumoja mudogo wa jimbo la Totomi, kisha akarudia Owari. Kabla ya mwaka 1560 aliingia kazi kwa Oda Nobunaga, bwana kijana na mukali aliyekuwa anaanza kukamata majimbo ya jirani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba viatu vya bwana. Wajapani mupaka leo wanasimulia kwamba siku ya baridi aliviweka ndani ya nguo, ku kifua, kusudi bwana akivaa asisikie baridi. Wanasimulia tena kwamba ukuta wa ngome ya Kiyosu ulianguka, kazi ya kuutengeneza ikachelewa, na yeye akagawanya wafanyakazi kwa ekipe, kila ekipe na kipande chake, akaahidi zawadi kwa watakaomaliza wa kwanza. Ukuta ukaisha kwa siku chache. Hizi ni hadithi, lakini zinaonyesha namna watu walimukumbuka: mutu aliyejua kazi ya mikono na aliyejua kuamusha wanaoifanya.

Mwaka 1561 aliowa Nene, binti wa familia iliyokuwa juu kidogo kupita yake. Hawakupata mutoto pamoja, lakini Nene alikuwa mushauri wake mupaka mwisho. Kuko barua ya Nobunaga mwenyewe kwa huyu mama: anamufariji juu ya tabia ya bwana yake ya kupenda wanawake, na anamuita yule bwana panya mwenye upara. Ni hivi wakubwa walikuwa wanamutazama Hideyoshi, mutu mufupi, sura mbaya, wa kuchekwa. Yeye aliwaacha wacheke, akaendelea kupanda.

Silaha yake haikuwa upanga. Ilikuwa hesabu na maneno. Alijua kupanga chakula cha askari, kuhesabu siku za safari, kuongea na adui kusudi afungue mulango bila vita. Mwaka 1573, nyuma ya kushinda ukoo wa Azai, Nobunaga alimupa udongo pembeni ya ziwa Biwa. Hapo alijenga ngome yake ya kwanza, Nagahama, na akawaachilia wenyeji wa ule muji kodi ya udongo kusudi watu waje kuikaa na kufanya biashara. Aliyetoka chini alijua kodi inauma wapi.

SIKU KUMI NA MOJA

Mu mwezi wa sita 1582, Hideyoshi alikuwa mbali upande wa mangaribi, anazunguka ngome ya Takamatsu ya ukoo wa Mori. Hakupanda ukuta. Aliwaambia watu wajenge kizuizi cha udongo, wakageuza muto, na mvua za masika zikajaza maji mupaka ngome ikawa kisiwa.

Tarehe 21 ya ule mwezi, mu muji wa Kyoto, mumoja wa majenerali wa Nobunaga, Akechi Mitsuhide, alimugeukia bwana wake alfajiri ndani ya hekalu la Honnoji. Nobunaga akafa mule. Habari ikamufikia Hideyoshi mbele ya kuwafikia Mori. Akaificha. Akafanya nao amani haraka, mukubwa wa ngome akajiua mbele ya majeshi mawili kama makubaliano ilivyotaka, na Hideyoshi akageuza askari wake wote kurudia Kyoto, karibu kilometre 200 kwa mvua na matope. Tarehe 2 ya mwezi wa saba alimupiga Mitsuhide pale Yamazaki. Siku kumi na moja tangu kifo cha Nobunaga. Mwaka wa nyuma, 1583, alimushinda pale Shizugatake mupinzani mwingine, Shibata Katsuie. Mubeba viatu akawa murizi wa bwana wake.

Sasa alihitaji nyumba ya kuonyesha hiyo nguvu.

MAWE YA OSAKA

Alichagua Osaka. Kilima chake kilikuwa karibu na bahari, mito inakizunguka, na njia ya maji inapanda mupaka Kyoto. Na pale hapakuwa mahali patupu. Kulikuwa hekalu kubwa la Ishiyama Honganji, hekalu la walimaji, mafundi na wachuuzi, watu wa imani moja waliojipanga wenyewe bila bwana. Nobunaga mwenyewe, na nguvu yake yote, aliwapiga tangu 1570 mupaka 1580 mbele watoke. Walipotoka, hekalu likaungua. Juu ya majivu ya wale watu wadogo waliosimama miaka kumi njo Hideyoshi aliweka ngome yake.

Kazi ilianza 1583. Kila bwana aliyeinama mbele yake alipewa amri ya kuleta watu na mawe. Makumi ya maelfu ya watu walifanya kazi pale. Mawe yalitoka milimani, yakafika kwa mashua. Yale hayakutosha, wakakamata na mawe ya kazi ingine: taa za mawe, mawe ya majeneza ya zamani.

Wenzangu wa ku migodi wataipenda hii kazi. Ile wakati hawakutumia simenti. Waliweka jiwe juu ya jiwe jinsi lilivyotoka mulimani, bila kulichonga sana, kila moja linashika ingine kwa uzito wake. Nyuma ya mawe makubwa walijaza mawe madogo madogo, kusudi maji ya mvua yapite na yashuke, yasisukume ukuta kutoka ndani. Anayejua namna maji inaangusha ukuta wa shimo ataelewa mara moja. Ni akili ya mafundi, si ya mabwana.

Juu ya kuta ukasimama munara mukubwa, na vigae vya paa vyenye kupakwa zahabu. Ndani Hideyoshi alikuwa na chumba cha kunywea chai chenye kufunikwa na zahabu kuta zote, chumba cha kubomoa na kubeba. Mwaka wa 1586 alikipeleka mupaka ku nyumba ya Mufalme. Ule mwaka pia alipokea mapadri Wajezuiti ku Osaka, akawatembeza ngome mwenyewe, gorofa kwa gorofa, kama mutu anayeonyesha nyumba mupya. Padri Luis Frois, Mureno, aliandika aliyoyaona.

Ile zahabu na feza ilitoka wapi? Ilitoka chini ya udongo, kama yetu. Hideyoshi alishika mugodi wa feza wa Ikuno, akakamata sehemu yake ku migodi ingine, na kuanzia 1588 alitengenezesha sarafu kubwa za zahabu, moja inapima karibu gramu 165. Sarafu moja ya namna ile mulimaji hakuishika maisha yake yote. Aliigawia mabwana kusudi wamupende.

MULANGO UNAFUNGWA

Mwaka 1585 alipata kiti cha kampaku, ni kusema mukubwa wa serikali kwa jina la Mufalme. Kwa kukipata, ilipashwa ukoo mukubwa wa Kyoto umukamate kama mutoto wake. Mwaka uliofuata Mufalme alimupa jina la Toyotomi. Aliyezaliwa bila jina la ukoo akawa na jina lililotengenezwa juu yake peke yake. Mwaka 1590, nyuma ya kuzunguka ngome ya Odawara, hakukuwa tena bwana wa kumupinga. Vita ya ndani ilikwisha. Tuseme ukweli: amani ile ilikuwa zawadi kubwa kwa watu.

Lakini tazama amri zake. Alipimisha mashamba ya inchi yote, kipimo kimoja cha udongo, kipimo kimoja cha mupunga. Jina la anayelima likaandikwa ku kitabu. Upande mumoja ilikuwa vizuri, mulimaji alijulikana ni yeye ana lile shamba. Upande mwingine, kitabu kilimufunga pale na kodi yake.

Mwaka 1588 akatoa amri ya kukusanya silaha za walimaji wote: panga, mikuki, pinde, bunduki. Watu walielezwa kwamba chuma itafanya misumari ya hekalu la Buda mukubwa kule Kyoto, na kwa hiyo watapata baraka mu hii maisha na mu ile inayokuja. Lakini amri yenyewe haikuficha sababu ingine: mulimaji mwenye silaha anachelewesha kodi na anafikiri kusimama. Hideyoshi alijua vizuri. Baba yake mwenyewe alilima na kubeba mukuki. Na alijua wale wa Honganji walisimama miaka mingapi.

Mwaka 1591 ikaja amri ingine. Askari asigeuke mulimaji wala muchuuzi. Mulimaji asiache shamba kwenda kufanya biashara ao kutafuta kazi ya mushahara. Akificha mutu wa namna ile, kijiji kizima kinahukumiwa. Ule mulango aliopita yeye, kutoka shamba mupaka ku jeshi, kutoka jeshi mupaka ku kiti, aliufunga na kufuli. Waliomufuata waliushika vile kwa zaidi ya miaka 250. Kama sheria hii ingekuwa mbele ya kuzaliwa kwake, angekufa Nakamura na jembe ku mukono, na hakuna mutu angemujua.

MIAKA YA DAMU

Aliyekuwa anashinda kwa maneno akaanza kushinda kwa kifo. Mwaka 1591 alimulazimisha mwalimu wake wa chai, muzee Sen no Rikyu, ajiue. Mwaka 1592 alituma zaidi ya askari elfu 150 kuvuka bahari na kukamata Korea, mawazo yake ikiwa kufika mupaka China. Admiral wa Korea, Yi Sun-sin, alikata njia ya mashua zao. Mwaka 1597 akatuma tena. Askari walikata pua za Wakorea na kuzituma Japani kama hesabu ya kazi. Kule Kyoto kilima kilichozika zile pua kiko mupaka leo. Mafundi wa vyungu wa Korea walibebwa kwa nguvu, na ni mikono yao ilizaa vyungu vinavyosifiwa vya Arita na Satsuma.

Wakristo wasomaji wetu wanajua habari ingine bila kujua jina la mwenye amri. Tarehe 5 ya mwezi wa pili 1597, mu Nagasaki, watu 26 walitundikwa misalabani, wamisionere Wafransisko pamoja na Wajapani waamini, hata watoto walikuwemo. Ndio Watakatifu Paulo Miki na wenzake, tunaowakumbuka ku misa kila tarehe 6 ya ule mwezi. Aliyetoa amri ni Hideyoshi, yule yule aliyewatembeza mapadri ngome miaka kumi na moja mbele.

Ndani ya nyumba pia damu ilimwangika. Mutoto wake wa kwanza mwanaume alikufa 1591, na Hideyoshi akaacha kiti cha kampaku kwa Hidetsugu, mutoto wa dada yake. Kisha, 1593, bibi mwingine aliyeitwa Yodo akamuzalia Hideyori. Sasa Hidetsugu alizidi. Mwaka 1595 alilazimishwa kujiua, na bibi zake na watoto, zaidi ya watu 30, wakauawa pembeni ya muto mu Kyoto mbele ya watu. Yote kusudi mutoto mudogo abaki peke yake.

Hideyoshi alikufa tarehe 18 mwezi wa tisa 1598 ndani ya ngome ingine yake, Fushimi. Siku za mwisho kazi yake ilikuwa kuwaapisha mabwana watano wakubwa walinde mutoto. Mumoja wa wale watano aliitwa Tokugawa Ieyasu.

KARATASI NA MIFEREJI

Kiapo hakikuchukua muda. Mwaka 1600 Ieyasu alishinda vita ya Sekigahara, na 1603 akapata cheo cha shogun, mukubwa wa askari wote. Hideyori alibaki ndani ya Osaka na mama yake, zahabu ya baba na kuta za baba. Mwaka 1614 Ieyasu akapata sababu: maandishi ku kengele ya lile hekalu la Buda mukubwa, ambayo alisema inalaani jina lake. Askari wasio na bwana wakaja Osaka kwa makumi ya maelfu, watu wa vita ambao amani haikuwapa kazi.

Ule wakati wa baridi, ngome ilisimama. Mawe ya Hideyoshi, na mifereji yake mikubwa ya maji, vilishinda jeshi kubwa kupita lao. Kwa hiyo Ieyasu akaomba kuongea. Wakafanya amani, na ndani ya makubaliano kulikuwa neno la kujaza mifereji ya inje. Habari inayojulikana sana inasema watu wa Tokugawa walijaza ya inje, kisha, bila kungoja mutu, wakajaza na ya ndani, na wenye ngome wakaanza kulalamika wakati maji imekwisha kukauka. Mufanyakazi yeyote aliyeikaa ku meza na patro akasaini karatasi bila kuangalia nani atatekeleza na nani atachunga, anajua hii habari bila kufika Japani.

Mwaka 1615, wakati wa joto, jeshi likarudi. Ngome haikuwa na maji ya kuilinda. Ikaungua. Hideyori na mama yake wakajiua ndani yake. Mutoto wake mwanaume, wa miaka nane, alikamatwa na kukatwa kichwa. Ukoo wa Toyotomi ukaisha pale.

Kuanzia 1620 Tokugawa wakafunika kuta za Hideyoshi na udongo, wakajenga kuta zao juu, refu zaidi. Mabwana zaidi ya 60 walituma watu, kazi ikaisha 1629. Jiwe kubwa kupita yote lina uso wa karibu metre 60 karé na linazaniwa kupita tani 100, na lilitoka mbali kwa mashua. Mu mawe mengi kuko alama zilizochongwa: ni alama za mabwana waliotoa mawe, kusudi wasibishane. Alama ya aliyevuta kamba haiko.

Munara wa Tokugawa uliunguzwa na radi 1665. Unaoonekana leo ni wa betoni, wenyeji wa Osaka walichanga makuta yao wenyewe, ukafunguliwa 1931. Tarehe 14 mwezi wa munane 1945, siku moja mbele Japani itangaze kushindwa, ndege za Marekani zilimwanga mabomu juu ya kiwanda cha silaha pembeni ya ngome. Munara ulibaki. Na 1959, watu waliokuwa wanachimba kuchunguza udongo walikutana chini na ukuta mwingine, wa mawe yasiyochongwa. Ni ule wa Hideyoshi. Tangu 2025 nyumba imefunguliwa pale kusudi watu washuke kuuona.

Wajapani mingi wanamupenda Hideyoshi mupaka leo juu alitoka chini. Ninawaelewa. Na sisi tunafurahi kama mwana wa mufanyakazi amekuwa direkta, ao delege wetu amepata kiti mu ofisi ya juu. Tunapiga makofi, tunasema mwenzetu amefika. Lakini kutoka chini si kazi, ni mahali tu mutu alizaliwa. Kazi yake tunaipima nyuma ya kufika: ule mulango aliopita, anauacha wazi kwa wengine, ao anaufunga?

Hideyoshi aliufunga, kisha akazani mawe yatamulinda mutoto wake. Mawe yalifanya kazi yao. Watu njo walikosekana: walimaji wa inchi, ambao yeye mwenyewe aliwatosha silaha na kuwafungia mashambani, walibaki mashambani wakati Osaka inaungua.